Tulikung'uta Filta Mlango Umefungwa

Kagongwa, Jumatano jioni

Kabula,

Kaa chini kwanza. Nakujua, wewe ni mtu wa kusoma umesimama huku unatafuta kiatu kingine, lakini hii isome umekaa. Habari za nguo, za nauli, za usile vya njiani, humu hazimo. Una miaka ishirini na mbili. Kama mpaka leo hujui kufua sweta, shauri yako.

Nataka kusema habari ya kifua chako. Kesho unakwenda mgodini kuanza kazi ya kuendesha magari ya chini ya ardhi, keshokutwa watakupima, na kuna jambo kuhusu hicho kifua ambalo mimi nalijua na wewe hulijui. Nimekuficha miaka minane. Nilikuwa nimepanga kufa nalo, nisikudanganye. Kilichoniharibia mpango wangu ni ile filta ya Jumamosi.

Ulilalamika kwamba gari letu ukiwasha feni linanuka kama panya kafia ndani. Ukanunua filta mpya Kahama, ukaegesha gari hapa uani, mimi niko kwenye kigoda napepeta mchele. Ukatoa makaratasi yote kwenye boksi la dashibodi, ukaliminya pande mbili mpaka likaning'inia, ukafungua kile kifuniko cha nyuma. Halafu ukaanza kuivuta ile ya zamani, polepole, bapa, isiinamie upande. Hapo ndipo ulipofunga mdomo. Ulibana pumzi, ukageuza macho ukanitazama mimi. Kikohozi kilikupanda, nilikiona shingoni, ukakimeza. Mwanamke mzima, mwenye leseni ya malori, unamtazama mama yako kama mtoto anayetazama fimbo.

Ulipomaliza, umeweka mpya, umehakikisha mshale unatazama chini, umerudisha boksi, ukacheka. Ukasema, "Mama, unakumbuka Nyarugusu? Nilikuwa nakung'uta hizi filta chumbani na wewe unaniimbia kutoka nje. Ule wakati ulikuwa mzuri." Nikasema, "Nakumbuka." Nikaendelea kupepeta. Mchele wote wa ungo ule ulikuwa safi kitambo, nilikuwa napepeta tu nisikutazame.

Sasa nikueleze ule wakati mzuri ulikuwa nini.

Baba yako alipofukiwa na duara, lile shimo la dhahabu, ulikuwa na miaka minane. Hatukuachiwa hata koleo lake. Nikaanza kuosha magari pale njiapanda, kwa maji ya bwawa na sabuni ya kipande. Unakumbuka makarasha yale, yanasaga mawe kutwa kucha, mji mzima ni mweupe kama watu wamemwagiana unga. Wenye makarasha na wanunuzi wa dhahabu walileta magari ambayo huwezi kujua rangi yake mpaka uyamwagie maji. Siku moja mteja mmoja akasema gari lake halitoi hewa ya baridi. Nilikuwa nimeshamwona fundi anavyotoa filta ya ndani, nami nikaitoa. Nikaikung'uta juu ya kanga, juani. Vumbi likametameta.

Wewe umekulia kule, huwezi kunishangaa. Nyarugusu hakuna mtu anayemwaga kitu bila kukitazama. Marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, yanaoshwa mara tatu, sakafu ya karasha inafagiwa na vumbi lake linanunuliwa, na mwanamke akifua suruali ya mchimbaji, yale maji anayachuja kwanza. Kwa hiyo nililipeleka lile vumbi nyumbani, nikaliosha kwenye karai, nikatia zebaki, nikakamua kwenye kitambaa, nikachoma jikoni. Kikabaki kitu kidogo kama punje ya ulezi. Nikapiga magoti. Nilisema Mungu kanikumbuka mjane.

Basi akili ikanijaa. Nikawaambia madereva, leteni filta mpya, kuibadilisha ni bure, ile ya zamani niachieni mimi niitupe. Wakanisifu. Mama Kabula ana roho nzuri, Mama Kabula hana makuu. Hata vumbi la mazulia na viti nilikuwa nalifagia taratibu na kulitia kwenye mfuko. Ila mkono wangu ulikuwa mnene, haupiti vizuri nyuma ya dashibodi kwenye magari madogo. Wako ulipita.

Nje hatukuweza kukung'uta. Upepo ungelichukua vumbi, na majirani wangejua, na ndani ya wiki moja kila muosha magari angekuwa anabadilisha filta bure. Kwa hiyo ikawa chumbani. Dirisha limefungwa, gunia bichi limezibwa chini ya mlango, kanga imetandikwa, wewe katikati na mwiko wa ugali. Filta sita, filta nane, siku nyingine kumi na zaidi. Siku ya kwanza ulikohoa. Vumbi likaruka likaenda mpaka darini. Nikakupiga na ule mwiko mgongoni na nikasema, "Usikohoe, unapeperusha."

Hukulia. Siku zilizofuata ulijifunza kubana. Ulikuwa mtoto mwenye kusikia, na hilo ndilo lililokuponza. Mkaidi angekohoa akapigwa akatoroka zake kwenda kucheza, leo angekuwa na mapafu.

Na mimi nilikuwa wapi? Hili ndilo nimeliandika mara mbili nikachana karatasi. Mimi nilikuwa nje, Kabula. Nimekaa mlangoni napukuchua mahindi kama mtu asiye na habari, nachunga asipite mtu akauliza mtoto anatwanga nini humo ndani. Nyimbo zile nilizokuwa naimba hazikuwa zako. Nilikuwa naimba ili mlio wa mwiko usisikike. Niliimba za kanisani, za ngoma, hata za harusi, na wewe ndani ukadhani mama yako anakubembeleza.

Nilipimwa kifua mwaka jana, nilipokwenda hospitali na lile jipu. Kifua changu ni kizima kama cha msichana.

Na siwezi kusema sikuonywa. Unamjua yule mzee wa vipuri pale Kahama uliyenunua filta kwake juzi, Mwislamu yule ambaye duka lao lilianzishwa na babu zake walipotoka India. Madereva wengine walikuwa wananituma kwake kuwachukulia filta. Siku moja nikamwonyesha ya zamani ili anipe saizi yake, akaishika kwa ncha za vidole. Akasema, "Mama Kabula, hii usiikung'ute. Ifunge kwenye mfuko, tupa. Vumbi lililokaa hapa lilikuwa linakwenda kwenye mapafu ya mtu." Nikamjibu, "Nyie mna duka, mnaweza kutupa vitu." Akaniletea ya saizi ile ile. Mpaka leo ananiuliza, "Mtoto hajambo?" na mimi namjibu hajambo.

Watu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Wanasema vizuri, ila hawasemi nyuma ni nyuma ya nani. Mimi nilikuwa na tamaa na wewe ndiye uliyesimama nyuma.

Utauliza tulipata nini. Miaka mitano, na dhahabu yote tuliyoitoa kwenye zile filta ningeweza kuiweka chini ya ukucha mmoja nikaenda nayo sokoni. Magodoro mawili, redio moja, na ile redio baadaye iliharibika. Ninasema hivi usije ukafikiri kuna siri ya nyumba au shamba. Hakuna. Ingekuwa tulitajirika pengine ningekuwa na la kujitetea.

Ulipofika miaka kumi na minne ukaanza kukonda na kukohoa kavu. Nilikupeleka hospitali. Wakapima makohozi yako mara tatu, hakuna kifua kikuu. Wakakupiga picha. Daktari aliniita peke yangu, akaiweka kwenye taa, akanionyesha madoadoa, akasema hili ni vumbi la mawe, limetia makovu kwenye mapafu, makovu hayatoki, na huyu mtoto asikae tena kwenye vumbi maisha yake yote. Akauliza, "Anafanya kazi gani?" Nikasema ni mwanafunzi. Akauliza tena, nikasema tena ni mwanafunzi. Aliniangalia mpaka nikatazama viatu vyangu.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi nje. Ukaniuliza, "Wamesema nini, mama?" Na mimi kutoka pale mlangoni mpaka kwenye benchi, hatua sita au saba, nilikuwa nimeshapata uongo. Nikasema, "Kifua kikuu. Umeambukizwa na bibi yako."

Bibi yako, mama wa baba yako, aliwahi kuugua kifua kikuu kabla wewe hujazaliwa, akameza dawa zote, akapona. Kijiji kizima walijua amepona. Mimi nikaufufua ugonjwa wake nikauweka kwako. Vile vidonge ulivyomeza miezi sita, kila asubuhi na glasi ya maji, hukuacha hata siku moja, vilikuwa vya kuongeza damu. Nilivinunua dukani. Nilivimimina kwenye kopo lisilo na maandishi.

Tukahama Nyarugusu tukaja hapa kuuza mchele, na nikakwambia usiende tena kwa bibi. Habari ilimfikia bibi yako, maana maneno kama hayo hayahitaji nauli. Shangazi yako ananisimulia kwamba alianza kunywa kwenye kikombe chake peke yake. Wajukuu wakimsalimia shikamoo, anaitikia marahaba amegeuza uso. Mtu aliyepona miaka mingi, akaanza kujiogopa kwa sababu ya neno langu.

Alikuja mara moja. Nadhani unakumbuka, ulikuwa kidato cha pili. Alitoka kule kwao Shinyanga na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akafika pale kwenye uzio, hakuingia. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, Kabula yuko wapi? Nimwone tu kwa mbali." Nikamwambia umelala. Na wewe hukuwa umelala, ulikuwa dirishani. Alikuona. Akakupungia mkono, na wewe, mwanangu mwenye kusikia, ukachukua kanga ukaziba mdomo na pua kama nilivyokufundisha. Yule mzee akateremsha mkono. Akaniachia mfuko chini, hakunipa mkononi, akaondoka. Michembe ile niliwatupia mbuzi wa jirani huku unatazama, ili uamini zaidi.

Alipokufa sikukuruhusu kwenda kuzika. Nilisema utaugua upya. Nilikwenda mimi, nikalia kuliko binti zake, watu wakasema mkwe kama huyu hapatikani.

Siandiki haya ili unionee huruma kwamba nimeumia nayo. Sikuumia sana. Hilo ndilo baya lake. Uongo ukishakaa ndani ya nyumba unakuwa kama stuli, unapita pembeni yake, hata hujikwai. Nilikuwa nakula, nalala, nacheka na wateja. Ukikohoa asubuhi nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Halafu ukapata hii kazi. Ulinisomea ile fomu, hapa hapa jikoni, namenya viazi. "Umewahi kuugua kifua?" Ukaandika ndiyo, kifua kikuu, nilipona. "Umewahi kufanya kazi kwenye vumbi?" Ukaniambia, "Hapana, nimewahi wapi mimi?" Ukaandika hapana. Nilikuwa na kisu mkononi na kiazi, mdomo ninao. Nikamenya kiazi. Ulivyoitwa ukafurahi ukanunulia uani kote soda, mpaka watoto wa wapangaji. Na mimi nilikunywa yangu, nikaimaliza, nikarudisha chupa.

Nilijifariji kwamba magari ya siku hizi yana vioo, yana kiyoyozi, yana filta nzuri. Nilijiambia mtu wa ndani ya gari haguswi na vumbi la nje. Hebu fikiria nani alikuwa anajiambia hivyo. Mtu pekee katika mkoa huu aliyekaa miaka mitano anatazama kile kinachopita na kuingia ndani ya magari ya watu wanaofunga vioo.

Jumamosi ulipobana pumzi ukanitazama, nilijua kwamba utafanya hivyo hivyo kule chini. Kikohozi kitakupanda, msimamizi amesimama pale, utakimeza. Utaficha mpaka siku ya kutapika damu, kwa sababu mimi nilikufundisha kwamba kukohoa ni kuharibu mali ya mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe huyafichi kwa ujanja wako. Uliambiwa uyafiche ukiwa na miaka tisa.

Kwa hiyo leo, ulipokwenda Ushirombo kumuaga shangazi yako, sikwenda sokoni kama nilivyosema. Ile picha ya kifua ya hospitali sikuitupa, imekaa chini ya godoro langu miaka yote hii, nimeilalia. Niliichukua, nikaizungushia gazeti, nikapanda gari mpaka kule watakakokupima. Nikakaa kwenye foleni na vijana waliokuja kutafuta kazi, mama mtu mzima nimeshika gazeti.

Daktari ni kijana, ana heshima, aliniamkia shikamoo. Aliipeleka picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Alikuwa na umri gani?"

Nikasema, "Kumi na minne."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Alikuwa mtoto."

Akasema, "Mama, nimekuuliza mtoto alikuwa anafanya kazi gani."

Nikamwambia. Chumba, dirisha, gunia bichi, mwiko, filta. Nikamwambia na nilikokuwa nimekaa mimi. Alikuwa anaandika, kuna mahali akaacha kuandika akanitazama, halafu akaendelea. Nilimuuliza kama inawezekana ni kitu kingine. Alisema hawezi kuapa kabla hajakupima mwenyewe, lakini mtu mwenye picha hii hawezi kumshusha chini. Akasema hata angekuwa dada yake, hasa angekuwa dada yake.

Basi, hiyo kazi huna tena, Kabula. Nimeiondoa mimi, kwa miguu yangu, bila kukuuliza. Najua maana yake. Najua ulivyosoma ukila mara moja kwa siku, najua wasichana walivyokuwa watatu tu darasani. Nilikuchukulia mapafu kwa ajili ya vumbi, na sasa nimekuchukulia na riziki. Ningeweza kukuachia wewe uchague, nilifikiria hivyo ndani ya gari wakati wa kwenda. Lakini nakujua. Ungeichana ile picha ukapanda gari ukaenda kushuka chini, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo ningefanya.

Daktari alisema kuna kazi za juu, za ofisini na za stoo, ila haahidi. Alisema ukifika uende kwake kwanza, akupime upya, na uwe unapimwa kila mwaka iwe una kazi au huna. Alisema ukiwahi kuugua kifua kikuu cha kweli itakuwa vigumu, kwa hiyo usidharau homa. Hayo ni ya kwake, nimeyafikisha. La kwangu ni moja. Kohoa. Popote, mbele ya yeyote, kanisani, mbele ya bosi, mbele ya mkwe. Kohoa mpaka watu wageuke.

Na shangazi yako anajua kaburi la bibi liko upande gani wa shamba. Sitakuambia nini cha kusema pale, sina uso wa kukuelekeza. Shangazi mwenyewe bado hajui lolote, ukitaka mwambie, ukitaka niache nimwambie mimi. Atanipiga, na ana mkono mzito.

Sikuombi unisamehe. Kuomba ni kukupa kazi nyingine, na kazi nilizokupa zinatosha. Yule kijana daktari aliponirudishia gazeti langu aliuliza, "Mwenyewe anajua?" Nikasema atajua kesho asubuhi. Akasema, "Utamwambia wewe?" Nikasema ndiyo, na hapo pia nimedanganya kidogo, kwa maana nimeandika.

Niko kwa Mama Shija, nyumba ya pili. Nimemwomba kitanda. Nimekimbia uso wako, hakuna sababu nyingine. Gari la Kahama linapita saa kumi na mbili asubuhi, na chumba anachonipa dirisha lake linaelekea barabarani. Ukitaka kuja kunitukana kabla ya kuondoka, njoo, nimemwambia Mama Shija akufungulie na asikuzuie. Usipokuja, nitasikia gari likisimama na nitasikia likiondoka, na nitajua umesoma mpaka mwisho.

Mama yako